Diski mpya kwenye Linux

Swali: Ofisi yetu ya uchapaji hapa Kasongo inatumia Linux na umeme wa sola. Nimeongeza diski na kuitengenezea kipande kimoja. Nikiandaeje ili kifunguke chenyewe kila tukiwasha?

Jibu: Ndugu, anza na `lsblk`, uitambue diski kwa ukubwa wake, maana kufomati hufuta kila kitu. Kipande chako kikiwa sdb1:

`sudo mkfs.ext4 /dev/sdb1`
`sudo mkdir /mnt/data`
`sudo mount /dev/sdb1 /mnt/data`

Mfumo wa faili wa ext4 huweka kumbukumbu ya mabadiliko, hivyo hujirekebisha haraka umeme ukikatika ghafla. Lakini barua ambayo haijahifadhiwa hupotea.

Pata UUID (kitambulisho cha kipande) kwa `sudo blkid`, kisha ongeza mstari huu katika /etc/fstab:

`UUID=namba-yako /mnt/data ext4 defaults,nofail 0 2`

`nofail` huiacha kompyuta iwake hata diski ikikosekana. Kabla ya kuzima, jaribu `sudo umount /mnt/data`, halafu `sudo mount -a`. Pasipo kosa, na `lsblk` ikionyesha /mnt/data, umemaliza.