Vijana na Darasa la Ushirika

Katika somo la Biashara tulifunzwa kuwa chama cha ushirika ni watu waliojiunga kwa hiari ili wauze, wanunue au waweke akiba pamoja. Tukaandika, tukafanya mtihani, tukasahau.

Lakini jambo hili halikuja na meli. Wazee wetu huku Migori na Homa Bay walikuwa na saga, yaani kulimiana mashamba kwa zamu, leo kwako kesho kwangu. Kijana alijifunza jembe akiwa katikati ya wakubwa. Hata sasa akina mama wana nyoluoro, ile ya kuchanga pesa na kupokezana. Wazungu nao wanahesabu ushirika wao tangu Rochdale, Uingereza, mwaka wa 1844. Mwaka wa 1995 vyama vya ushirika vya ulimwengu vilikutana Manchester vikapitisha kanuni saba, na ya tano ni elimu.

Kwa nini elimu? Tazama viazi vitamu vya Kabondo. Mkulima akiuza peke yake, dalali humjia na gunia la lumbesa, lile lililoongezwa kilemba juu, naye hulipa kwa gunia wala si kwa kilo. Mama wa watu anapunjwa na bado anasema asante! Wakiuza pamoja wanaweza kununua mizani na kudai bei ya kilo. Hata hivyo, mizani bila mtu wa kuisoma na kuandika daftarini ni chuma tu. Hapo ndipo kijana anaingia. Yeye ana hesabu. Wazee wana ujuzi wa mbegu, udongo na hila za madalali. Kila mmoja humfunza mwenzake.

Tatizo ni umri. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 1997 iliweka miaka 18 kwa mwanachama, na mimi nina 16. Basi nikae nikingoja? Hapana. Sisi wa shule ya kutwa tunalala nyumbani, na hiyo ni bahati ambayo wa bweni hawana. Jioni namsomea mama risiti zake za mauzo, tunajumlisha pamoja, naye ananieleza kwa nini bei ilishuka wiki ile. Hilo halimo kitabuni.

Anayetaka kusomea kazi hii baada ya kidato cha nne, kuna Chuo Kikuu cha Ushirika pale Karen, Nairobi, na kingine Moshi, Tanzania.