SOMO: NANI ATUNZE GHALA LA UZEE WETU?

Soma: 1 Timotheo 5:3-16, 2 Wakorintho 8:16-21



Tangu tulipostaafu ualimu, vijana wa hapa Kerende wanaofanya kazi za mshahara mgodini hutuuliza: "Mwalimu, kwa nini tukatwe kila mwezi? Si afadhali kila mtu atunze fedha zake, au azipeleke kwa kampuni aipendayo?" Swali hili si la kupuuzwa. Na tulichunguze pamoja.

Kwanza, tutofautishe akiba na bima. Akiba ni ghala la mtu mmoja; ukiishi sana, nafaka yaweza kwisha nawe ungali hai. Bima ni ghala la wengi. Wote hutia, na anayefikwa na uzee mrefu, ulemavu au ujane hula humo. Mfuko wa NPF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1964, ulikuwa wa akiba: mwanachama alilipwa fedha zake kwa mkupuo, basi. Sheria ya NSSF ya mwaka 1997 ndiyo iliyoleta pensheni ya kila mwezi mpaka mwisho wa maisha.

Pili, tutazame waliokwisha kujaribu. Nchi ya Chile, huko Amerika ya Kusini, ilikabidhi kazi hii kwa kampuni binafsi mwaka 1981. Asilimia 10 ya mshahara wa mfanyakazi iliingia katika hesabu yake mwenyewe. Wenye kazi ya kudumu walijiwekea. Lakini vibarua, na akina mama wengi walioacha kazi ili kulea, walifika uzeeni na kidogo sana. Mwaka 2008 ilibidi serikali itoe pensheni ya wazee maskini kutoka hazina. Jirani zetu wa ng'ambo ya Sirari wamechukua njia ya katikati: sheria ya Kenya ya mwaka 2013 yaruhusu sehemu ya mchango kupelekwa katika mfuko binafsi ulioidhinishwa.

Tatu, tusidanganyane kwamba ghala la Serikali halina panya. Mwaka 2018 mifuko minne iliunganishwa kuwa PSSSF, na kikokotoo kipya kikashusha malipo ya mkupuo hadi asilimia 25, hali watumishi wengi walitazamia nusu. Kilio kilikuwa kikubwa, na Rais Magufuli akakisimamisha Desemba hiyo hiyo. Mwaka 2022 ikawa asilimia 33. Mwaka 2024 ikapandishwa hadi 40 kwa baadhi na 35 kwa wengine. Ni kweli kwamba kinachopunguzwa kwenye mkupuo huongeza pensheni ya mwezi. Lakini aliyekwisha kupanga nyumba yake kwa hesabu ya zamani huumia, maana njia imebadilishwa naye yu karibu kufika.

Tena twamjua kijana mmoja aliyekatwa mshahara kila mwezi, na alipokwenda kuuliza, mwajiri alikuwa hajapeleka michango ya miezi mingi. Mwajiri wa namna hiyo angeiiba hata kampuni binafsi.

Mtume Paulo hakubeba peke yake fedha za msaada. Alifuatana na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili asilaumiwe na mtu. Basi mtunza ghala, awe Serikali au kampuni, sharti akaguliwe.

Lakini je, bibi aliyelima maisha yake yote bila mshahara? Hakuna kampuni itakayomlipa asiyechangia. Zanzibar, tangu mwaka 2016, Serikali huwapa pensheni wazee wote waliofika miaka 70. Huku bara TASAF husaidia kaya maskini, wala si kila mzee. Kwa sababu ya bibi huyu sisi twaona ghala la pamoja lisivunjwe, bali lilindwe. Naye Paulo ataka jamaa watangulie kuwatunza wazazi wao, ili Kanisa liwatunze wajane walioachwa peke yao.

Maswali ya kujadiliana:
1. Wewe unayekatwa mshahara, mara ya mwisho ulikagua michango yako lini?
2. Katika mtaa wako, ni mzee gani asiye na mfuko wala mtoto?
3. Wiki hii tutamtendea nini?