Bwana Alimwuliza Baba
Somo la mwezi: Marko 9:14–29

Katika sura hii twasoma habari za mtoto aliyeangushwa na ugonjwa, mara motoni, mara majini. Wanafunzi walishindwa kumponya, nao walikuwa wakijadiliana na waandishi. Hatusomi ya kuwa mmoja wao alimwuliza baba neno lo lote. Lakini Bwana, ajuaye yote, alimwuliza mtoto ameugua tangu lini. Ndipo baba akafungua moyo, hata akaungama udhaifu wa imani yake. Basi atakaye kusaidia hana budi kuuliza kwanza.

Neno hili latufaa kisiwani Pemba. Huko Wawi, karibu na Chake Chake, tangu mwaka 2000 iko maabara ya Ivo de Carneri, ambamo wataalamu huchunguza minyoo, kichocho na maradhi mengine. Yai la kichocho huonekana kwa darubini. Lakini huzuni ya mama aliyefiwa haionekani hivyo, wala hofu ya kijana asikiaye sauti usiku. Mambo hayo hujulikana kwa kuuliza na kusikiliza.

Tena hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu iko Unguja, ng'ambo ya bahari. Mgonjwa wa Wete au Mkoani asiye na nauli, wala ndugu wa kumsindikiza, jina lake haliandikwi katika daftari ya huko. Basi mchunguzi akiwahesabu walioandikwa peke yao, atadhani wagonjwa ni wachache, na msaada utapimwa kwa hesabu hiyo.

Tazameni wenzetu wa Zimbabwe. Mwaka 2006, mjini Harare, daktari Dixon Chibanda alianza kazi pamoja na wanawake wazee wa mtaani. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Bibi huketi na mgonjwa juu ya benchi nje ya zahanati, humsikiliza, nao hutafuta pamoja njia ya kutatua shida moja. Kisha kazi hiyo ikapimwa kwa watu 573, na matokeo yakatangazwa mwaka 2016. Baada ya miezi 6, katika kila 100 waliosaidiwa hivyo, kama 14 walikuwa na dalili za ugonjwa wa huzuni. Katika kila 100 waliopata huduma ya kawaida, kama 50. Baadaye kazi hiyo ilifika Malawi na Zanzibar.

Waalimu, wakija wachunguzi, tusiwaonyeshe nyumba zetu tu. Majirani zetu Pemba karibu wote ni Waislamu. Aulizaye Wakristo peke yao amewaacha wengi. Aulizwe mama jikoni, na mvuvi, na kiziwi kwa ishara, na mganga aliyemwona mgonjwa kwanza, na mgonjwa mwenyewe akiwa ametulia. Asiyetaka kujibu aachwe kwa amani, na siri ya mtu isitangazwe. Wala tusimkaripie mama aliyemfungia mwanawe chumbani. Tumwulize anaogopa nini.

Wengine watasema: Bwana alitaja sala. Naam, tusali. Lakini kabla ya kunena habari za sala, alikuwa amekwisha kuuliza.

Maswali ya kujifunzia
1. Kwa nini Bwana alimwuliza baba jambo alilolijua?
2. Katika mtaa wako, ni nani ambaye hajaulizwa bado?
3. Utamwendeaje, asione aibu?