Mabaka Meupe Baada ya Mionzi ya Jicho

Mtu aliyetibiwa melanoma ya jicho kwa mionzi anaweza, miezi au hata miaka baadaye, kuona baka jeupe mkononi au nywele za kope zikigeuka nyeupe. Haitokei kwa wengi, ila anayepatwa hushtuka, na swali lake la kwanza huwa kama mionzi imemuunguza. Jibu liko mahali lilipo baka.

Mionzi hii hulengwa sehemu ndogo mno. Kisahani chenye iodini-125 au rutheni-106 hushonwa kwenye ukuta wa jicho na kuondolewa baada ya siku chache. Miale ya protoni, ambayo Taasisi ya Paul Scherrer ya Uswisi imekuwa ikiitumia kwa macho tangu 1984, hutolewa kwa vipindi vichache. Wekundu wa kope au kupukutika kwa nywele zake upande uliotibiwa huweza kuwa kazi ya mionzi yenyewe. Baka la mgongoni haliwezi.

Baka la mbali huelekeza macho kwenye kinga ya mwili. Melanoma huanzia kwenye seli zinazotengeneza melanini, rangi inayotia weusi ngozi na nywele. Wataalamu wanaeleza kwamba seli za saratani zikifa, protini zake humwagika na seli T za kinga hujifunza kuzisaka. Kumbe baadhi ya protini hizo, kama gp100, zimo pia katika seli za rangi zilizo nzima, nazo hushambuliwa pamoja. Matokeo yake hufanana na mbalanga: ngozi hupoteza rangi bila maumivu, na wala haiambukizi.

Mwambie daktari dawa zote ulizotumia, kwa kuwa za kuamsha kinga huleta mabadiliko haya mara nyingi zaidi kuliko mionzi peke yake. Tebentafusp, iliyoidhinishwa Marekani Januari 2022 kwa melanoma ya jicho iliyosambaa au isiyoweza kuondolewa kwa upasuaji, hulenga gp100 hiyohiyo. Upele na ngozi kupauka ni mambo yanayotarajiwa.

Piga picha ya baka, andika tarehe, umwone daktari wa ngozi. Baka lenye ganzi lisiitwe mbalanga kwa kukisia, lipimwe ukoma. Lisilo na rangi huungua upesi juani, hivyo lifunike kwa nguo au losheni ya kukinga jua. Krimu za kuchubua ngozi ziache kabisa, na zenye steroidi usijinunulie dukani bila ushauri.

Jicho la pili likiwa jekundu, likiogopa mwanga au likiona ukungu, au masikio yakianza kuvuma, nenda kliniki ya macho siku hiyohiyo: kinga inaweza kuwa imegeukia seli za rangi zilizomo ndani ya jicho na sikio. Malengelenge, vidonda vya mdomoni na homa ni dharura, hasa kwa anayetumia dawa za kinga.

Wapo wanaolipokea baka kama hati ya kupona. Ni kweli kwamba katika melanoma ya ngozi, wagonjwa wa tiba ya kinga wanaopata mabaka huelekea kuishi zaidi. Kwa melanoma ya jicho, mtu asiegemee hapo. Karibu nusu ya wagonjwa hatimaye hupata saratani iliyosambaa, mara nyingi kwenye ini, tena inaweza kuchukua miaka mingi kujitokeza. Kwa hiyo miadi ya kupimwa ini kwa ultrasaundi au MRI ibaki palepale, baka liwepo au lisiwepo.