Safu Ndefu Ikae Mwisho

Swali: Msomaji anayechambua data kwa lugha ya R anapata kosa 07009 kila anapovuta safu ya maoni kutoka SQL Server. Akiiondoa, kila kitu ni shwari. Kulikoni?

Jibu: Data yake ni nzima. Safu ya aina ya varchar(max) hubeba hadi gigabaiti 2, kwa hiyo haitengewi nafasi mapema kwenye kumbukumbu kama namba au tarehe. Husomwa kipande kwa kipande. Na draiva ya ODBC ya Microsoft ina sharti: safu inayosomwa vipande lazima ifuate zote zilizokwisha kutengewa nafasi. Ikiwa katikati, draiva hugoma.

Basi aandike hivi:

SELECT id, tarehe, maoni FROM malalamiko

Si id, maoni, tarehe. SELECT * nayo aiache, maana hufuata mpangilio wa jedwali, na aliyeliunda huenda hakuwahi hata kuisikia ODBC.

Wengine huigeuza safu kwa CAST kuwa varchar(8000). Kosa hutoweka kweli, lakini maandishi yanayozidi baiti 8000 hukatwa kimyakimya, bila onyo lolote. Kabla ya kuthubutu, apime urefu halisi kwa MAX(DATALENGTH(maoni)).