Kigeu Huru na Kigeu Tegemezi: Kipi Humfuata Mwenzake?

Miongoni mwa mada ambazo wanachuo huzifundisha kwa haraka, pengine kwa kuziogopa, ni hii ya vigeu. Mwanafunzi huambiwa kwamba kigeu huru huandikwa kwenye mstari wa mlalo wa grafu na kigeu tegemezi kwenye mstari wa wima, naye hukariri. Mpe kesho jedwali lililogeuzwa safu zake, atababaika. Mahali pa kuandika ni mapatano tu. Linalopasa kufundishwa ni swali: katika vitu hivi viwili, kipi hubadilika kwa sababu ya mwenzake?

Watoto wa Mwazye, katika uwanda wa Ufipa, waweza kulijibu kabla hawajalisikia neno lenyewe. Wafipa wana kilimo chao cha ntumba. Mvua zikaribiapo kwisha, mkulima hukusanya majani na kuyafunika kwa udongo, akafanya matuta ya duara. Majani huoza humo, na msimu ufuatao matuta hubomolewa na kutandazwa ili upandwe ulezi au mahindi. Muulize mtoto: tukizidisha majani ndani ya ntumba, nini kitabadilika? Atajibu: mavuno. Sasa ligeuze: mavuno yakizidi mwaka huu, je, majani tuliyoyafukia mwaka jana yataongezeka? Darasa litacheka, na kicheko hicho kina thamani kuliko fasili ndefu ubaoni. Kiasi cha majani, ambacho mkulima hukichagua mwenyewe, ni kigeu huru. Mavuno ni kigeu tegemezi.

Hapo mtoto mwerevu atauliza: na mvua je? Usimnyamazishe, maana amegusa kiini cha kila jaribio. Chukueni makopo matano, mpande maharage. Udongo, mbegu, maji na mwanga viwe sawa kwa yote. Samadi tu ndiyo itofautiane. Pimeni kimo cha miche kwa rula kila baada ya siku 3. Mkibadilisha samadi na maji kwa pamoja, hamtajua kipi kilichoikuza.

Katika hesabu tupu mambo ni mepesi zaidi. Tuseme daftari moja ni shilingi 500. Ukiuliza madaftari 6 yatagharimu kiasi gani, gharama ndiyo tegemezi. Ukiuliza shilingi 3,000 zitanunua madaftari mangapi, idadi ndiyo tegemezi. Kanuni ni ile ile. Swali ndilo lililogeuka. Lakini maumbile hayageuki hivyo. Sumbawanga, penye kimo cha mita 1,800 hivi, pana baridi kuliko bonde la Ziwa Rukwa lililo kwenye mita 800 hivi, kwa kuwa joto hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwa hesabu twaweza kukisia kimo kutokana na joto. Ila hakuna jiko la mkaa litakaloushusha uwanda.

Katika takwimu kuna mtego mwingine. Pima urefu wa watoto wa darasa la kwanza hadi la saba, kisha wape kifungu wasome: warefu watasoma vizuri zaidi. Je, urefu hufundisha kusoma? La, umri na miaka ya shule ndivyo vinavyovuta vyote viwili. Linganisha watoto wa umri mmoja na darasa moja tu, nawe utaona uhusiano huo ukififia.