Michi Miwili, Kinu Kimoja

Mdogo wangu wa Tanga, barua yako nimeisoma mara mbili. Umenunua kontrola iliyotumika, umeanza kuitwa kwenye kitchen party za mtaani, halafu kaka mmoja akakuambia mbele za watu kwamba wewe si DJ, wewe ni mbonyezaji, kwa kuwa unategemea kile kitufe kilichoandikwa SYNC, kinachokuoanishia mapigo chenyewe. Unaniuliza kama sikio la kuoanisha mapigo linafundishika au mtu huzaliwa nalo.

Linafundishika. Yule kaka kakuumiza, najua, na namna alivyolisema si ya kiungwana. Lakini nataka ujifunze, si kwa ajili yake. Kitufe kile hufuata alama ambazo programu imezichora juu ya wimbo, na kwa wimbo uliotengenezwa kwenye kompyuta alama hizo mara nyingi ziko sawa. Sasa subiri shangazi wa bibi harusi aje kukuomba zilipendwa. Nyimbo za zamani za bendi kama Mlimani Park au Msondo zilipigwa na watu hai wenye damu zao: mpiga dramu akichangamka anakaza, mwimbaji akivuta pumzi bendi nzima inalegea kidogo. Kitufe mara nyingi hakina habari na hilo, ila sikio lako linaweza kulifuata.

Hebu nikuulize, umewahi kutwanga na mwenzako, michi miwili kwenye kinu kimoja? Basi nusu ya kazi unaijua. Pale kuna mambo mawili tofauti. La kwanza ni kasi: mkipishana kasi, baada ya muda michi inagongana. La pili ni nafasi: hata mkienda kasi moja, lazima kila mmoja ajue mchi wake unashuka lini. Kwenye muziki ni hivyo hivyo, ila tu ngoma za nyimbo mbili hazipishani, zinaangukia pamoja. Wanafunzi wengi niliowaona wanakwama kwa kuchanganya mambo haya mawili. Wanasukuma sahani ya kontrola mbele na nyuma wimbo mzima, wakirekebisha nafasi, wakati kinachowasumbua ni kasi.

Fikiria wimbo mmoja una mapigo 112 kwa dakika na mwingine 113. Kila dakika ikipita, ule wa pili umetangulia pigo zima. Hata ukikosea kwa sehemu ya kumi tu ya pigo kwa dakika, nusu dakika haiishi kabla hujaanza kusikia ngoma mbili badala ya moja: du-dum, du-dum, kama punda anayekimbia.

Kwa hiyo fanya hivi. Wimbo wa kwanza unatoka kwenye monita, ile spika inayokuelekea wewe, wa pili uko kwenye hedifoni, sikio moja tu limefunikwa. Uanzishe wa pili juu ya pigo la kwanza kabisa, lile ambalo mwili wako ungeanza kucheza nalo, halafu usiguse kitu. Sikiliza. Wimbo huo ukibaki nyuma, sukuma sahani kidogo ili urudi mahali pake, kisha ongeza kasi kwa kitelezi cha kasi. Ukitangulia, uzuie kidogo, punguza kasi. Ukishindwa kujua unatangulia au unabaki nyuma, na mwanzoni utashindwa sana, usikae unakisia: sogeza kitelezi upande wowote. Fujo ikizidi, ulikosea upande, rudi. Usisikilize ngoma ya chini peke yake, maana besi ni nzito na kingo zake hazieleweki vizuri. Tafuta kitu chenye ncha, ile tsi-tsi ya haihati au makofi. Hapo ndipo tofauti ndogo inapojifichua.

Amapiano usianze nayo, hata kama ndiyo inayoombwa kila mahali. Ngoma yake nzito inaruka-ruka, haiangukii kila pigo, na sikio changa linapotea. Anza na hausi ya kawaida, dum moja kwa kila pigo. Amapiano ukiifikia, shikilia kayamba, ndiyo inayotembea bila kusimama. Na singeli? Usiiogope kwa mbio zake. Singeli ya mapigo 200 inakaa juu ya wimbo wa 100 bila tabu, kila pigo la polepole likiangukia kila pigo la pili la haraka.

Sasa monita, na hapa nataka unisikilize kwa makini kwa sababu hakuna aliyeniambia mimi. Mwaka wangu wa kwanza nilipiga harusi kwenye ukumbi mmoja mrefu. Spika kubwa zilikuwa mbele kwa maharusi, meza yangu nyuma kabisa, kama mita 20, na monita hakuna. Niliunganisha kwa uangalifu wote, kwenye hedifoni kila kitu kikiwa kimekaa, na kila nilipofungua wimbo wa pili ukumbi ulisikika kama michi miwili inayogombana. Akina mama waliokuwa wanacheza walisimama. Nilirudi nyumbani nikalia, nikiamini sina kipaji.

Kipaji hakikuwa tatizo. Sauti hewani husafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Kutoka umbali wa mita 20 inakufikia ikiwa imechelewa karibu sehemu 6 za mia za sekunde, na kwa wimbo wa mapigo 112, ambao pigo lake ni nusu sekunde na kidogo, huko ni kuchelewa kunakosikika waziwazi. Hedifoni ya waya haichelewi. Mimi nilikuwa naoanisha wimbo mpya na sauti iliyochelewa, kwa hiyo nao nikauchelewesha, kwa mikono yangu mwenyewe na kwa uangalifu mkubwa.

Ndiyo maana monita ikae karibu, mita moja au mbili, usawa wa kichwa chako, ikielekea lile sikio lililo wazi. Unapopatana bei na mwenye shughuli, itaje kama unavyotaja umeme. Spika ndogo moja inatosha. Wakikuambia haipo, usioanishe kwa kusikiliza ukumbi. Miksa nyingi zina kitufe cha kuchanganya ndani ya hedifoni wimbo unaotoka na ule unaouandaa, na nyingine huweza kupeleka mmoja sikio la kushoto na mwingine la kulia. Fanya kazi yote humo ndani, funika masikio yote mawili, ukumbi uusikie baadaye.

Kwa sababu hiyo hiyo ya kuchelewa, zile hedifoni zisizo na waya uziache za kusikilizia kwenye daladala. Nyingi huchelewesha sauti kuliko hata ule ukumbi wangu. Nunua ya waya, inayoziba sikio vizuri, ambayo upande mmoja unageuka, hata kama si ya jina kubwa.

Na sauti, mdogo wangu, usiikimbize. Hedifoni ikipanda utapandisha monita, monita ikipanda utapandisha hedifoni, na saa sita usiku husikii lolote ila kelele. Punguza monita kila unapomaliza kuunganisha. Wataalamu wa afya kazini huhesabu desibeli 85 kuwa za saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, hivyo kwenye desibeli 100 zimebaki dakika 15. Ukitoka kazini masikio yanalia ngii, hiyo si sifa ya shughuli iliyonoga, umeyaumiza. Naomba uniahidi hili hata kama mengine utayaacha.

Kama bado yule kaka anakukaa moyoni, jua kwamba mmoja wa waanzilishi wa kazi hii, Francis Grasso, aliifanya New York karibu na mwaka 1970 kwenye klabu ya Sanctuary, jengo lililokuwa kanisa, akitumia santuri za bendi zenye wapiga dramu hai. Hakuna skrini iliyomsomea idadi ya mapigo. Alisikiliza, akakosea, akarudia, usiku baada ya usiku.

Kesho asubuhi, kabla nyumba haijachangamka, weka wimbo uleule pande zote mbili. Mmoja uharibu kasi kwa makusudi bila kuangalia, kisha funika skrini kwa khanga. Uurudishe kwa sikio. Kwa kuwa ni wimbo mmoja, ukikaa sawasawa utasikia sauti zikiyeyukiana, kama sauti ya mtu anayeongea ndani ya mtungi, na huo mlio ukishausikia mara moja hutausahau. Dakika 20 kila siku zinatosha. Siku utakayokaa dakika mbili nzima bila kugusa sahani, niandikie, na uniambie ni wimbo gani.